Muwala na Mshikamano: Kigezo Kimoja, Istilahi Mbili

Soma aya hii: "Halima alikwenda sokoni asubuhi. Aidha, soko lina wachuuzi wengi. Hata hivyo, wachuuzi huamka mapema. Kwa hiyo, kuamka mapema ni afya." Kila sentensi imeshika mkia wa iliyoitangulia, na viunganishi vimejipanga, lakini ukifika mwisho hujui umeambiwa nini. Sasa soma hii: "Mvua ilinyesha usiku kucha. Kivuko kimesombwa. Watoto wamebaki nyumbani." Hakuna kiunganishi hata kimoja, na umeelewa yote.

Aya ya kwanza ina mshikamano bila muwala. Ya pili ina muwala, japo mshikamano wake ni haba. Hizi ndizo istilahi za isimu ya Kiswahili kwa dhana ambazo Waingereza huziita cohesion na coherence, na kuzichanganya kunawagharimu watahiniwa wetu wengi wa Kiingereza.

Chukua mtihani wa IELTS, ulioanza mwaka 1989, ambao alama zake huanzia 0 hadi 9. Kuandika hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kulijibu swali, muwala na mshikamano, msamiati, na upana na usahihi wa sarufi. Kuzungumza nako kuna vigezo vinne: mtiririko wa usemi na muwala, msamiati, sarufi, na matamshi. Kwa hiyo muwala umo katika robo ya alama za insha na robo ya alama za mazungumzo. Robo hiyo si ndogo. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza limekuwa likimtaka muuguzi kutoka ng'ambo apate 6.5 katika kuandika na 7 katika stadi nyingine tatu, na nusu alama tu inaweza kumrudisha mtu nyumbani akajipange upya.

Mshikamano ni neno linalojieleza lenyewe. Linatokana na kushikamana: vitu viwili vimeshikana, na mshiko wenyewe unaonekana. Ni jambo la juu ya karatasi, unaweza kulionyesha kwa kidole. M.A.K. Halliday na Ruqaiya Hasan, katika kitabu chao cha mwaka 1976 kuhusu mshikamano katika Kiingereza, walitaja aina tano za mshiko huo: urejeleo, ubadala, udondoshaji, viunganishi na uhusiano wa msamiati. Viunganishi ni aina moja tu kati ya tano.

Muwala ni neno lenye asili ya Kiarabu, na aliyekaa mbele ya mwalimu wa fikihi anamjua jamaa yake, muwalati: kufululiza vitendo vya udhu, kiungo kimoja kioshwe kabla cha nyuma yake hakijakauka. Picha hiyo inafaa sana. Wazo la pili lije wakati la kwanza bado lina unyevu akilini mwa msomaji. Muwala hauonyeshwi kwa kidole, kwa kuwa umo katika mpangilio wa mawazo, na msomaji ndiye anayeutambua.

Watahiniwa wengi hukariri orodha za viunganishi vya Kiingereza na kuvibandika mwanzoni mwa kila sentensi, wakiamini ndivyo kigezo kinavyotimizwa. Maelezo ya alama yanasema kinyume. Katika alama za kati, mtahini huangalia kama viunganishi vimetumika kupita kiasi au kimashine. Katika alama ya 9, mshikamano ni ule ambao ni nadra msomaji hata kuugundua. Katika mazungumzo, mtahiniwa hupewa kadi yenye mada na dakika moja ya kujiandaa, kisha huzungumza peke yake kwa dakika moja hadi mbili. Viunganishi vya kukariri havimsaidii hapo kama hajui kisa chake kinaanzia wapi na kinakwenda wapi.

Mswahili ana ugumu wake wa pekee ambao walimu hawautaji vya kutosha. Lugha yetu imejaa mshikamano tusioutafuta, kwa sababu ngeli zinatufanyia kazi. Nikisema "Asha aliweka kitabu juu ya meza, kisha akakifuta," unajua kilichofutwa ni kitabu. Nikisema "akaifuta," ni meza. Kiingereza kina it moja kwa vyote viwili. Aliyelelewa na ngeli huandika it akiwa na hakika kichwani, lakini msomaji hana hakika hiyo. Kosa hilo si la sarufi. Ni la urejeleo, na dawa yake ni kurudia nomino yenyewe pale penye utata.

Darasani tumezoea neno "mtiririko" kwa mambo haya yote, na mwanafunzi akiambiwa "insha yako haina mtiririko" huongeza "aidha" na "vilevile." Angeambiwa "haina muwala," angelazimika kurudi kwenye mawazo yenyewe. Ndiyo maana nashikilia kwamba istilahi hizi mbili zifundishwe mapema, katika insha za Kiswahili, kabla mtoto hajakutana nazo kwa lugha ya kigeni akiwa na dakika arobaini za kuandika maneno 250.

Kipimo ni rahisi, na kinafaa kwa lugha zote mbili. Ukimaliza kuandika aya, futa viunganishi vyake vyote, kisha isome. Hoja ikisimama, muwala upo, rudisha vile viwili au vitatu vinavyohitajika. Mfanyie Halima hivyo: ondoa "aidha," "hata hivyo" na "kwa hiyo." Zinabaki sentensi nne zisizo na safari ya pamoja. Sasa lifanye hilo kwa insha yako kabla mtahini hajakufanyia.