Chanjo ya HPV

Chanjo ya HPV hukinga dhidi ya virusi vinavyosababisha karibu visa vyote vya saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Wapo wazazi wanaohofu kuwa italeta utasa kwa binti zao. Hofu hiyo haina msingi: sindano ile ya begani imebeba maganda matupu ya protini, yasiyo na chembe za urithi za virusi; kinachoweza kweli kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe na matibabu yake. Wengine huuliza, mbona binti achanjwe mapema hivyo? Kwa sababu chanjo hii haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia, hivyo ni lazima iyatangulie. Tena, utafiti wa Kenya kwa wanawake wa miaka 15 hadi 20 ulionyesha kuwa hata dozi moja hukinga vizuri sana. Mzazi, usimcheleweshe binti yako.