KABLA HUJALIPIA WIFI YA HOME: JINSI INTANETI ILIVYOFIKA MPAKA IBADAKULI

Uwanja wa ndege wa Shinyanga uko Ibadakuli. Kituo kikubwa cha kupoza umeme cha TANESCO nacho kiko huko huko. Lakini mwambie kijana aliyepanga chumba pale atume video ya dakika tano saa mbili usiku, uone atakavyozunguka uani ameinua simu juu kama anaomba mvua.

Swali lake ni lile lile la kitaa kizima: achukue WiFi ya nani? Jibu linaanzia mbali kidogo.

Zamani hakukuwa na cha kuchagua. TTCL ilizaliwa baada ya lile shirika la posta na simu kuvunjwa mwaka 1993, na kwa Tanzania Bara mpaka 2005 ndiyo peke yake iliyoruhusiwa kufunga simu za mezani. Ukiwa na namba ya 028 nyumbani ulikuwa bosi. Intaneti ilipita kwenye waya huo huo wa simu, na ukiwa mtandaoni hakuna anayekupata. Wengine wote walienda kafe, wakalipa kwa saa, picha inafunguka kuanzia kichwani, ikifika kiunoni muda umeisha.

Haikuwa shida ya Shinyanga tu. Nchi nzima ilitegemea satelaiti, gharama juu, spidi hamna. Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukawashwa Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaja EASSy. Mwaka huo huo wa 2009 serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa, kazi wakapewa Wachina, usimamizi TTCL.

Na hapa ndipo stori inapopita Ibadakuli. Mkongo wa Taifa haukuchimbiwa ardhini wote, sehemu yake ilitumia faiba za TANESCO zilizo kwenye laini za umeme mkubwa. Ule waya wa juu kabisa kwenye nguzo za chuma, unaokinga radi, unaweza kubeba nyuzi za faiba ndani yake. Laini ya Iringa, Dodoma na Singida, kilomita 670, inaishia Shinyanga. Kutoka hapo umeme unaelekea Mwanza na mgodi wa Bulyanhulu.

Sasa mtu anauliza, kama faiba inapita juu ya vichwa, mbona bado watu wanaunga bando la buku? Kwa sababu ule ni kama basi la moja kwa moja, halishushi abiria njiani. Lazima kampuni ivute waya mwingine kutoka kituoni, nguzo kwa nguzo mpaka mtaani, ndipo nyumba ipate. Na kabla ya kuvuta inahesabu nyumba. Katikati ya mji nyumba zimebanana, waya mmoja unapata wateja wengi. Pembezoni nyumba moja huku, nyingine ng'ambo ya shamba la pamba, hesabu inagoma.

Pengo hilo likajazwa na laini za simu. Zikaja modem za kuchomeka kwenye laptop, mwaka 2015 ikaja Halotel ya Wavietnam na minara mpaka vijijini, halafu router za laini. Machi 2017 watu wakaruhusiwa kuhama mtandao na namba yao. Aprili 2021 bei za vifurushi zikapanda ghafla, mitandaoni kukawaka, serikali ikasitisha. Ni mara chache kelele za mteja wa bando zimesikika fasta namna ile.

Kwa hiyo leo kuna cha kuchagua, na ndipo watu wanapopigwa. Tangazo likisema megabiti 10 kwa sekunde, hizo sio MB 10. Gawanya kwa nane, unapata MB 1.25, na muvi ya GB 1 itakula kama dakika 13 mambo yakiwa safi. "Bila kikomo" nayo mara nyingi ina mkia: ukishavuka kiwango fulani spidi inashushwa mpaka mwezi mpya. Mkia huo haukai kwenye bango, uko kwenye mkataba.

Kama faiba haijafika mtaani, usinunue router kwa sababu ya jirani. Azima laini za mitandao mitatu, pima kwa simu chumbani kwako, saa mbili usiku wakati kila mtu yuko mtandaoni. Ukuta mmoja wa tofali unatosha kubadilisha mshindi. Na umeme ukikatika router inazima nao, labda uwe na betri pembeni.

Kuna siku lakini ujanja wote unagoma. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika baharini, na hata mwenye kifurushi cha bei mbaya akabaki anatazama duara linazunguka.

Mpangaji ana swali moja zaidi la kumuuliza fundi kabla ya kusaini, na wengi hulikumbuka siku ya kuhama: hii router ni yangu au ya kampuni, na nikihama chumba inahama na mimi au mkataba unabaki kwa baba mwenye nyumba?

Mtaani kwenu inashika ipi?