Msimu wa Kufunga

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi ulisimama upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika. Jambo hilo moja lilitajwa kwa namna tatu: kusitisha uvuvi, kupumzisha ziwa, kufunga ziwa. Msomaji angedhani ni mambo matatu.

Wataalamu wa wanyamapori na wa samaki wana istilahi moja tu hapa, ya Kiingereza: "closed season". Ni kipindi kilichowekwa kisheria ambamo mnyama hawindwi au samaki havuliwi, ili azae na wadogo wakue, na tarehe ya mwisho wake inajulikana tangu siku ya kwanza. Hicho kipengele cha tarehe ndicho watu hukiruka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na mpaka leo haijaurudisha. Ile ni marufuku, haina msimu. "Kusitisha" nako hakusemi kama kazi itarudi lini, wala kama itarudi.

Wapo wanaotafsiri neno kwa neno: "msimu uliofungwa". Siikubali. Msimu haufungwi na mtu. Masika huja bila kibali cha waziri. Kinachofungwa ni bunduki na nyavu. "Msimu wa kufunga" unatosha, na tena unamdokeza mtendaji: ni sisi tunaofunga.

Ukitaka kuona istilahi ikifanya kazi porini, huna haja ya kutoka mkoani Kigoma, kando ya ziwa hilo hilo. Gombe, tangu 1968, na Mahale, tangu 1985, ni hifadhi za taifa: humo hakuna kuwinda mwaka mzima, kwa hiyo kuzungumzia msimu hakuna maana. Moyowosi ni pori la akiba, jina ambalo aliyelibuni alijua Kiswahili kweli, kwa kuwa akiba huwekwa ili ije itumike. Huko uwindaji wa kitalii hufanyika ndani ya vitalu, kwa leseni na mgawo wa wanyama, kuanzia 1 Julai hadi 31 Machi. Aprili, Mei na Juni ndiyo miezi ya kufunga. Katika ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambamo pori hilo limo, baada ya mvua, hata gari lenyewe lingekuwa na maoni yake. Na msimu ukiwa wazi haina maana kila mnyama ni halali: simba dume, kwa mfano, lazima awe amefikisha miaka sita.

Ziwani mambo yamekaa kinyume. Porini watu wamezoea kwamba mlango umefungwa na leseni ndiyo ufunguo. Majini mwenye chombo, zana halali na leseni yake amezoea kuwa mlango uko wazi. Ndiyo maana kufunga ziwa kulishtua kuliko kufunga kitalu, ambako wanaoathirika ni wachache na wengi wao wana fedha.

Hata hivyo wavuvi wa dagaa wa Kigoma wana kufunga kwao kwa zamani. Kunaitwa mbalamwezi. Dagaa huvutwa kwa taa, zamani za karabai na sasa za sola. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, vyombo hupandishwa mwaloni, nyavu hushonwa. Lakini mbalamwezi haimlengi samaki. Inampumzisha mvuvi asiyepata kitu, na giza likirudi kazi inaendelea bila kujali nani anataga.

Miezi mitatu ya sheria inamlenga samaki, ila si wote kwa kiasi kimoja. Dagaa huishi mwaka mmoja hivi, hivyo miezi mitatu kwake ni sehemu kubwa ya maisha: aliyekuwa mdogo mwezi Mei anaweza kuwa mzazi Agosti. Mgebuka huchukua miaka kukomaa. Kwake kufunga ni nafasi ya kutaga tu, na mtoto wake bado ataingia kwenye wavu akiwa mchanga kama macho ya nyavu hayakusimamiwa miezi tisa inayobaki. Anayesema "tumefunga, samaki watakuwa wakubwa" hajaeleza ni samaki gani.

Kati ya majina yale matatu, basi, nachagua kufunga. Kupumzisha ni neno la upole, nalo linaficha faini na doria. Kufunga halifichi kwamba njia imezuiwa, na mji kama Ujiji, wenye misikiti ya miaka mingi, unalisikia pia kwa maana ya saumu: mtu anajinyima kwa muda unaojulikana, na siku ya kufungua ipo. Wavuvi wa Pemba nao hufunga mwamba ili pweza wakue, mara nyingi kwa miezi mitatu, kisha huufungua kwa siku iliyokubaliwa na kijiji.

Tofauti ni kwamba mwamba wa pweza ni wa kijiji kimoja. Ziwa Tanganyika lina wenyewe wanne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, waliosaini mkataba wa kulisimamia jijini Dar es Salaam mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa iko Bujumbura. Dagaa haoni mpaka. Kwa hiyo tangazo lolote la kufunga linapaswa kutaja, pamoja na tarehe mbili na aina ya samaki, ni nani mwingine kati ya wanne hao amefunga siku hiyo hiyo.