Kuna Makamu wa Rais Amelala City Park

Wasee wengi ukiwatajia City Park wanawaza kima tu. Unanunua njugu, unanyoosha mkono, kima anakupanda begani, picha inaenda Instagram, stori imeisha. Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo usinichukulie profesa, lakini huo msitu una historia ambayo darasani sikuwahi kuisikia.

Na ni msitu kweli, si bustani ya maua. Hekta 60 hivi kando ya Limuru Road, na sehemu kubwa ni miti ya asili. Mihugu iko, ile miti ya mbao ngumu inayopendwa na wachongaji. Kima hawakuletwa na mtu, jiji ndilo lilikuja likawazunguka. Ukitulia utaona pia ndege wa kijani ambaye akiruka tu, mabawa yanawaka mekundu.

Sasa ingia upande wa makaburi. Pio Gama Pinto amezikwa pale. Waingereza walimweka kizuizini kwa kupigania uhuru, akatoka, halafu tarehe 24 Februari 1965, Kenya ikiwa huru tayari, akapigwa risasi nje ya nyumba yake hapa Nairobi, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37.

Rafiki yake Joseph Murumbi, baba Mgoa, mama Mmaasai, alifanywa makamu wa rais 1966 na akajiuzulu mwaka huo huo. Fikiria hiyo kidogo. Nani Kenya hii huacha kiti kama hicho? Alifariki 1990, na alikuwa ametaka kuzikwa karibu na Pinto. Mkewe Sheila naye amelala hapo.

Na bado, miaka ya 1990, vipande vya City Park vikagawiwa watu binafsi. Manze, wanyakuzi hawakuogopa hata makaburi. Kilichookoa kilichobaki ni watu kukataa kunyamaza, akiwemo Alan Donovan, Mmarekani aliyeanzisha African Heritage pamoja na Murumbi. Mwaka 2009 City Park ikatangazwa kwenye gazeti la serikali kuwa urithi wa taifa, na kaburi la Murumbi sasa limezungukwa na sanamu.

Kiti cha makamu kimekaliwa na wengi tangu hapo. Waulize wenzako wangapi wanamjua Murumbi, kisha uniambie hapo chini.