Tendo na Jibu: Historia ya Maneno Mawili katika Kanuni ya Tatu ya Newton

Kati ya kanuni tatu za mwendo alizoziweka Isaac Newton, ya tatu ndiyo inayokaririwa zaidi, na huenda ndiyo inayoeleweka kwa shida zaidi. Wanafunzi huitamka bila kukosea: kila tendo lina jibu lililo sawa nalo kwa ukubwa na kinyume nalo kwa mwelekeo. Lakini wakiulizwa ni kwa nini basi vitu husogea, ilhali kila nguvu inayo mwenzake wa kadiri ile ile, wengi hukwama. Tatizo hili kwa kawaida huhesabiwa kuwa la hisabati. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa kufuata historia ya kanuni yenyewe, tatizo hili ni la lugha pia.

Neno la Kilatini ‘reactio’ halikuwamo katika lugha ya Warumi wa kale. Jean Starobinski, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu maisha ya maneno haya mawili, ameeleza kwamba lilizuliwa na wanafalsafa wa Zama za Kati za Ulaya, waliokuwa wakijadili mafundisho ya Aristotle juu ya joto na baridi. Chuma cha moto kikitumbukizwa majini, maji hukipoza chuma, na chuma nacho huyapasha maji moto. Kwa hiyo kinachotenda hutendwa pia katika kule kutenda kwake. Lakini wazo la usawa halikuwamo humo. Jibu lilikuwa ni ukinzani tu wa kitu kinachoelemewa, na mwenye nguvu alitarajiwa kumshinda mnyonge.

Mawazo ya namna hiyo yalidumu muda mrefu. René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1644, alishikilia kwamba kitu kidogo hakiwezi kamwe kukisogeza kitu kikubwa kilichotulia, hata kikigonge kwa kasi ya namna gani. Majaribio yalimkanusha. Mwishoni mwa mwaka 1668 na mwanzoni mwa 1669, John Wallis, Christopher Wren na Christiaan Huygens waliiletea Royal Society ya London kanuni zao za migongano, na Newton mwenyewe aliwataja baadaye kuwa waliomtangulia.

Kitabu kikuu cha Newton, Principia, kilichapishwa mwaka 1687 kwa Kilatini. Mifano aliyoitoa chini ya kanuni ya tatu ni ya kawaida kabisa. Anayebonyeza jiwe kwa kidole, kidole chake nacho hubonyezwa na jiwe. Farasi akilivuta jiwe kwa kamba, naye huvutwa kuelekea kwenye jiwe kwa kiasi kile kile. Hakuishia kwenye mifano. Alining’iniza tufe kwa nyuzi za futi 10, akazigonganisha na kupima mwendo uliopotea upande mmoja na uliopatikana upande wa pili. Alifanya hivyo kwa tufe za sufi iliyokazwa, za chuma cha pua, za koki na za kioo. Hatimaye aliweka sumaku na kipande cha chuma katika vyombo viwili tofauti, akavielea katika maji yaliyotulia hadi vikagusana. Chombo kimoja hakikukisukuma kingine. Vyote viwili vilitulia. Lau sumaku ingalivuta kwa nguvu kuliko chuma, vyombo vile vingalijiendea vyenyewe bila kikomo.

Yafaa itazamwe kwa makini namna Newton alivyoyapanga maneno yake, kwani kanuni ile aliieleza mara mbili katika sentensi moja. Kwanza alitaja tendo na jibu. Kisha, baada ya kiunganishi chenye maana ya ‘yaani’, alisema kwamba matendo ya vitu viwili, kila kimoja juu ya mwenzake, daima ni sawa na huelekea pande zilizo kinyume. Katika kauli hii ya pili hakuna jibu wala mjibuji. Ila ile ya kwanza ni fupi na rahisi kukumbukwa, na ndiyo iliyoenea.

Hasara yake si ndogo. Neno ‘jibu’ huleta fikra kwamba tendo hutangulia na jibu hufuata, kama salamu na kiitikio chake. Tena huleta fikra kwamba mmoja ni mchokozi na mwingine hujitetea. Fizikia haina lolote kati ya hayo: nguvu zote mbili huanza pamoja na hukoma pamoja, na lolote kati yake laweza kuitwa tendo. Hata waandishi wenye elimu walinaswa. Tarehe 13 Januari 1920, gazeti la New York Times lilimdhihaki Robert Goddard kwa kuamini kwamba roketi yaweza kwenda mahali pasipo na hewa. Kwa hoja ya gazeti, katika utupu hapana kitu cha kuisukuma roketi kwa jibu lake. Kumbe roketi na gesi zake zenyewe ndizo zinazosukumana. Gazeti lilisahihisha kauli yake tarehe 17 Julai 1969, watu wakiwa safarini kwenda Mwezini. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Desemba, roketi iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ilipeleka angani setilaiti ya kuchunguza eksirei. Setilaiti hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kiswahili kina zaidi ya jina la kuchangia. Kina kauli ya kutendana. Mtu akisema ‘kitabu na meza vinasukumana’, hakuna wa kwanza wala wa pili; kitenzi ni kimoja na watendaji ni wawili. Kauli hiyo yaweza hata kufichua kosa la kale la madarasani, la kusema kwamba nguvu ya meza kukiinua kitabu ni jibu la uzito wa kitabu. Kitabu na meza husukumana; kitabu na Dunia huvutana. Hizo ni jozi mbili mbalimbali. Ndani ya lifti inayoanza kupanda, msukumo wa meza huzidi uzito wa kitabu, lakini kitabu na meza bado husukumana sawasawa. Na farasi wa Newton husogea kwa sababu, mbali na kuvutana na jiwe, yeye na ardhi pia husukumana, na msukumo wa ardhi juu yake huushinda mvuto wa kamba.

Hata hivyo, kiambishi -ana peke yake hakitoshi. Watu wanaofuatana au kupokezana hutenda kwa zamu, na wanaopendana si lazima wapendane kwa kiasi kimoja. Usawa hauna budi kutajwa. Kanuni yaweza basi kuandikwa hivi: vitu viwili vikisukumana au vikivutana, nguvu ya kila kimoja juu ya mwenzake huwa sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo.

Maneno ‘tendo’ na ‘jibu’ yanaweza kubaki kama kumbukumbu ya historia, na ‘mmenyuko’ ukaachiwa kemia, ambako kweli kitu hugeuka kuwa kingine. Mwunda istilahi anayetafsiri neno kwa neno hurithi pia makosa ya lugha anayoitafsiri. Wahenga waliosema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa hawakuwa wakifundisha fizikia, lakini walijua kwamba kinachobana hakina budi kuwa na cha kubanana nacho.