Hatua ya Askari na Mzigo wa Mpagazi: Maana ya Sanamu ya Askari Ikitazamwa kutoka Ukanda wa Songwe

Sanamu ya Askari iliyopo katika Barabara ya Samora, Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 1927. Ni kazi ya shaba ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Inamwonesha askari Mwafrika akipiga hatua, bunduki yenye singe ameielekeza mbele, upande wa bandari. Sehemu hii inajenga hoja kwamba mwendo huo unamkweza askari, lakini unamficha mpagazi, aliyetembea zaidi katika vita vya 1914–1918.

Ukwezaji huo unadhihirika sanamu hiyo inapolinganishwa na iliyoitangulia. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha mahali hapo sanamu ya Gavana Hermann von Wissmann. Wissmann alisimama juu. Askari Mwafrika aliwekwa chini yake, akimwinulia macho. Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Katika sanamu ya 1927 askari yu peke yake juu ya jukwaa, wala hamtazami bwana yeyote. Hata hivyo, mnara unawaenzi waliomtumikia mfalme wa Uingereza, katika nchi ambayo askari wake wengi walipigana upande wa Wajerumani.

Ukimya wa shaba hiyo unaonekana wazi zaidi kutoka mpakani kusini-magharibi. Mto Songwe, unaopakana na Wilaya ya Ileje yenye kata ya Ikinga, ulikuwa mpaka wa Afrika Mashariki ya Kijerumani na Nyasaland. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rodesia ya Kaskazini, yakaiteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Katika nchi ya milima isiyokuwa na reli, chakula na risasi vilisafiri vichwani mwa watu. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Njaa, kuhara na homa vikawaua wapagazi. Kwa jumla, pande zote zilitumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa walikuwa wengi kuliko askari.

Maandishi ya mnara, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanawataja wapagazi hao. Umbo la shaba haliwaoneshi. Mjini Nairobi hali ni tofauti: mnara wa mchongaji huyohuyo una sanamu tatu, mojawapo ikiwa ya mpagazi. Dar es Salaam kumbukumbu yao imebaki katika jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Kwa hiyo, sanamu hii haipaswi kusomwa kama picha kamili ya Waafrika vitani. Hatua yake ni ya shambulio, fupi na yenye shabaha. Mwendo wa mpagazi ulikuwa mrefu, wa kulazimishwa, na mara nyingi haukuwa na marejeo. Historia ya ukanda wa Songwe inadai mwendo huo nao uhesabiwe.