Herufi kumi za Bulyanhulu

Leo hakuna siasa wala mpira. Nataka tuongelee kitu kinachowatesa sana watu wa jiolojia na wenzao wa kompyuta, yaani majina kwenye kanzidata na kwa nini yanakatwa. Mifano nimeitoa kanda ya dhahabu, Shinyanga na Geita, maana huko majina yenyewe yana visa.

Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alitoa makala iliyosema data zikae kwenye majedwali, na kitu kitafutwe kwa jina lake, sio kwa mahali kilipo kwenye diski. Safi kabisa. Sasa jina liwe refu kiasi gani? Hapo kila mtengenezaji wa programu alijiamulia. Oracle waliweka baiti 30 wakakaa nazo miaka na miaka, hadi toleo la 12.2 la mwaka 2017 lilipofika 128. PostgreSQL ilikuwa 31, tangu 2002 ni 63. MySQL inakupa herufi 64. Tabia nazo zinatofautiana. Jedwali ukiliita matokeo_ya_maabara_mashimo_ya_geita (herufi 35, nimehesabu), Oracle ya zamani inagoma wazi wazi. PostgreSQL ukizidisha haigomi, inakata mkia, inatoa taarifa ndogo ambayo hakuna anayeisoma, halafu kazi inaendelea. Mimi bora anayegoma.

Lakini kiboko ni dBase, programu ya miaka ya 1980. Kwenye faili lake kila safu ilitengewa baiti 11 za jina, na moja ya mwisho ni ya kuonyesha jina limeisha. Zinabaki 10. Kompyuta za enzi zile zilikuwa na memori ya kubana kwelikweli, kwa hiyo siwalaumu. Tatizo ni kwamba miaka ya 1990 kampuni ya ESRI ilichukua muundo huo huo kwa faili zake za ramani, zile za .shp na .dbf, na mpaka leo watu wanatumiana hizo hizo.

Bulyanhulu ina herufi 10 kamili. Inaingia, mlango unafungwa. Ukitaka kuongeza neno dhahabu mbele yake, imekula kwako.

Sasa angalia hatari yenyewe. Mtu anachoronga mashimo, anatengeneza safu mbili: dhahabu_kiasi, yaani gramu kwa tani, na dhahabu_kina, yaani mita kwenda chini. Akihamishia kwenye .dbf zote mbili zinakuwa dhahabu_ki. Programu nyingine zikiona majina yamegongana zinaikata ya pili na kuipachika namba, inakuwa dhahabu__1. Ipi ni ipi? Ukikuta 3.2 humo ndani, inaweza kuwa gramu na inaweza kuwa mita, zote zinaingia akilini. Mwamba wa gramu 3.2 kwa tani ni habari njema. Mita 3.2 ni kina cha kisima cha jirani.

Dawa inayofundishwa sana ni kutoa irabu. Kwa Kiingereza inaenda, kwetu haiendi. Kina, kona, kuni na kuna zote zinakuwa kn. Kiswahili kimebebwa na irabu jamani, ukizitoa umebaki na mifupa.

Halafu kuna ritifaa. Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita, jina lake lina alama ambayo kwenye SQL maana yake ni "maneno yameishia hapa". Ukiandika 'Nyang'hwale' mashine inasoma Nyang, inafunga, halafu inashangaa hwale ni nini. Inabidi ritifaa iandikwe mara mbili: 'Nyang''hwale'. Wengi hawana subira, wanaandika Nyanghwale. Mwingine ananakili kutoka Word, ambako ritifaa imepinda, na kwa mashine hiyo ni herufi nyingine kabisa. Mwisho wa siku wilaya moja inahesabiwa kama tatu, na jumla za kila moja ni pungufu.

Wenye akili wakasema basi tutumie vifupi vya mikoa: shy kwa Shinyanga, mza kwa Mwanza. Kifupi cha namna hiyo kina maana ndani yake, na hapo ndipo kinapochacha. Machi 2012 mkoa wa Geita ulianzishwa. Wilaya ya Geita ilitoka Mwanza, Bukombe ikatoka Shinyanga, Chato ikatoka Kagera. Aliyeita jedwali lake shy_bukombe mwaka 2005 alikuwa sahihi kabisa. Kuanzia 2012 jina hilo linadanganya, na kulibadilisha maana yake ni kugusa kila ripoti inayolitaja.

Njia inayodumu naiona ni hii. Safu iitwe kitu kifupi kisicho na maana yoyote, tuseme s07, na eneo lipewe namba tu. Kisha pembeni liwepo jedwali la majina. Humo s07 inaelezwa kwa kirefu, pamoja na kipimo chake, gramu au mita. Bukombe inakaa na mistari miwili: Shinyanga hadi 2012, Geita tangu 2012. Nyang'hwale inaandikwa sehemu moja tu, na ritifaa yake. Ukomo wa herufi 10 unahusu majina ya safu, sio yaliyomo ndani, kwa hiyo humo jina linaandikwa lote. Ila jedwali hilo lisafiri na faili. Ukimtumia mtu .dbf yenye s07 peke yake, umemtumia fumbo.